Kelele za Treni Katika Nyumba Mpya: Nani Atakulipia Madirisha?

Nyumba huonyeshwa mchana. Sijawahi kusikia dalali aliyempeleka mteja kuona nyumba saa nane za usiku. Utaenda Jumamosi, jua limewaka, rangi bado inanukia. Utafungua mifereji uone kama maji yanatoka, utagongagonga milango, utaambiwa stesheni iko karibu na utaihesabu hiyo kuwa neema: foleni ya Barabara ya Mombasa umewaachia wenyewe. Utalipa. Halafu usiku wa kwanza, godoro likiwa bado sakafuni, treni ya makontena inapita na glasi zinaanza kuongea kabatini.

Swali linalofuata ni lile lile, liwe limeulizwa Syokimau, Athi River au Miritini: je, kuna mahali pa kuomba pesa za kuzuia kelele hizi? Jibu langu ni kwamba pesa zipo, ila si pale ambapo watu wengi huanza kuzitafuta, na mara chache sana hubeba jina la kelele. Nitaeleza ni zipi. Lakini kabla ya kuandika barua hata moja, jibu swali ambalo kila ofisi, kila wakili na kila muuzaji atakuuliza kwa namna yake: nani alitangulia, nyumba au reli?

Tarehe zenyewe hazina ubishi. Reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu 1901. Hakuna nyumba mpya inayoweza kudai kuitangulia hiyo. Treni za mjini zilianza kutumia stesheni ya Syokimau Novemba 2012. SGR, ile reli mpya pana, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa Mei 2017, mizigo ikaanza Januari 2018, na kipande cha kutoka Nairobi kwenda Suswa kikafunguliwa Oktoba 2019. Sasa toa karatasi zako uziweke kando ya tarehe hizo. Hati miliki peke yake haitoshi, kwa sababu yaonyesha ulipata ardhi lini, si uliishi pale lini. Tafuta idhini ya ramani kutoka kaunti, cheti cha kuruhusu nyumba ikaliwe, na bili ya kwanza ya stima. Na uwe mkweli: aliyenunua mwaka 2016, tuta la reli likiinuliwa mbele ya macho yake, hatachukuliwa kama mtu aliyevamiwa usingizini.

Swali hili la nani alitangulia halikubuniwa hapa kwetu. Jamaa zetu walio Uingereza wanapaswa kulijua mapema, maana wengi hununua nyumba mpya karibu na reli kwa sababu ya usafiri. Kule kuna kanuni za mwaka 1996 zinazomlazimu mwenye reli mpya kulipia madirisha na vipitisha hewa vya nyumba zilizo ndani ya mita 300 za reli, kelele zikifika desibeli 68 kwa wastani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku, au 63 kwa saa sita zinazobaki hadi alfajiri. Nyumba iliyohamiwa baada ya reli kuanza kutumika haimo. Ujerumani wana mpango mwingine: tangu 1999 serikali kuu hutenga pesa kwa ajili ya nyumba za siku nyingi zilizo kando ya reli za siku nyingi, na dirisha la kuzuia sauti likikubaliwa, mpango hulipa asilimia 75 naye mwenye nyumba hulipa 25. Hapo pia nyumba mpya iko nje ya hesabu. Anayejenga leo hutarajiwa kujenga nyumba inayostahimili kelele alizozikuta. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba serikali hulipia madirisha, tazama kwanza ni serikali gani, na nyumba ya umri gani.

Kenya haina mfuko wa namna hiyo. Inachekesha kidogo, au inauma, kukumbuka kwamba daraja refu la SGR linalopita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi liliwekewa vikinga sauti ili wanyama wasisumbuliwe. Swala wana watetezi wazuri kutushinda. Lakini ukweli huo ubebe hadi kwenye mazungumzo yako: unaonyesha kwamba kukinga kelele za treni nchini kunajulikana na kunawezekana, watu wakisimama kudai kabla reli haijamaliza kujengwa.

Sasa, pesa za nini hasa? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anaenda kwa muuzaji, au kwa ofisa wa mikopo, anasema, “Nyumba ina kelele.” Hakuna anayetoa pesa kwa ajili ya malalamiko. Watu hutoa pesa kwa ajili ya madirisha manne, mlango mmoja na dari ya chumba kimoja, vikiwa vimeandikwa na kutiwa bei. Kwa hiyo anza kwa kujua sauti inaingilia wapi.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kelele zikishuka desibeli 10, sikio huhisi zimepungua nusu. Ukuta wa mawe uliopigwa plasta pande zote mbili waweza kuzuia desibeli 45 na zaidi, kwa hiyo ukuta si adui yako. Kioo kimoja cha milimita 4 kikifungwa barabara hukaribia 30. Dirisha la luva ni kama pazia. Na uwazi ndio mbaya kuliko vyote: ukuta wenye nafasi wazi ya asilimia moja tu, hata ungekuwa wa zege, hauvuki desibeli 20 hivi. Maana yake ni kwamba yale matundu ya hewa ambayo mafundi wetu huyajenga juu ya kila dirisha, mlango unaoelea sentimita moja juu ya sakafu, na fremu ya alumini iliyoachiana na ukuta, ndivyo vinavyokuibia usingizi.

Basi usiiwekee kinga nyumba nzima. Chagua chumba cha kulala, na kama una watoto, viwili. Dirisha lipate mpira wa kuziba pande zote na fremu ijazwe kwenye nyufa zake. Kioo kiwe cha gundi, kama kile cha mbele ya gari, ambacho ni vipande viwili vilivyoshikanishwa na utandio katikati. Pesa ikiruhusu, acha dirisha la zamani lilipo na uongeze la pili kwa ndani, kukiwa na nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati yake. Vioo viwili vilivyobanana kwa milimita chache, ambavyo wauzaji huvisifu sana, vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya nchi za baridi. Ngurumo ya injini ya dizeli huvipita bila shida kubwa. Nafasi ndiyo inayofanya kazi.

Matundu ya hewa usiyazibe tu kwa saruji. Kama kuna jiko la gesi au la makaa katika chumba hicho, au mlango wake unafunguka kuelekea jikoni, hewa ikikosa njia utakuwa umebadilishana kelele na hatari ya kifo. Hamishia tundu upande wa nyumba usiotazama reli, au mwambie fundi ajenge kijisanduku chenye kona mbili ndani, kilichotandikwa sufi ya mawe, ili hewa ipinde na sauti ifie njiani. Pwani kuna hesabu ya ziada: dirisha la Mazeras au Mariakani likifungwa usiku kucha, utahitaji feni au kiyoyozi, na bili yake ya stima ni sehemu ya gharama. Iandike.

Chini ya mabati weka dari yenye sufi ya mawe juu yake. Trei za mayai ukutani waachie wale wanaozipiga picha. Hupunguza mwangwi ndani ya chumba kidogo tu, hazizuii kinachotoka nje, na zikishika moto hazina huruma. Ukuta wa mpaka husaidia pale tu unapoficha magurudumu na injini usivione kutoka dirishani, na reli ikiwa juu ya tuta au daraja, ukuta wa futi saba umejengewa mbuzi. Miti ni mizuri kwa kivuli.

Na zile glasi zinazoongea kabatini? Weka kiganja sakafuni treni ikipita. Ukihisi sakafu inatetemeka, hilo ni tatizo la ardhi na msingi, na hakuna dirisha litakaloliponya. Usikubali kuuziwa madirisha kwa ajili ya mtetemo. Ita mhandisi wa majengo kwanza.

Ukishajua unachohitaji, pata makadirio kutoka kwa mafundi wawili wa alumini, sio mmoja, kila kitu kikiwa na kipimo na bei yake, karatasi ile ambayo kwenye ujenzi kila mtu huiita BQ. Hiyo ndiyo karatasi utakayotembea nayo.

Mlango wa kwanza wa kubisha ni wa muuzaji, na wakati wa kuubisha ni kabla ya kumaliza kulipa. Kama bado hujatia sahihi, lala pale. Omba funguo kwa usiku mmoja, au ukae ndani ya gari kando ya ploti kuanzia saa nne hadi alfajiri, uandike kila treni na saa yake. Kisha mpelekee muuzaji BQ yako. Usiombe msaada, omba bei ishuke kwa kiasi hicho, au madirisha yabadilishwe kabla hujahamia. Kampuni inayouza nyumba kwenye ramani, ikiwa bado inamwaga zege, inaweza kubadilisha kioo kwa tofauti ndogo ya bei, kwa sababu kioo kingenunuliwa vyovyote vile. Sharti liingie ndani ya mkataba wa mauzo kwa maneno yanayopimika: unene wa kioo, aina yake, mpira wa kuziba, na vyumba vinavyohusika. “Madirisha ya kisasa” ni maneno ya brosha. Nimeona mkataba wa jirani mmoja ulioandikwa hivyo hivyo, na alichokabidhiwa kilikuwa kioo cha milimita 4 katika fremu inayopiga kelele zenyewe upepo ukivuma.

Kama ramani bado ni karatasi, una bahati kuliko wote. Choo, stoo, jikoni na ngazi zitazame reli. Vitanda vikae nyuma. Hilo halihitaji mkopo wala barua.

Ikiwa umeshalipa na umeshahamia, na reli ndiyo iliyotangulia, sahau kudai fidia na uelekee kwenye mikopo ya bei nafuu. Mkopo wa maendeleo wa sacco, ambao mara nyingi huwa mara tatu ya akiba zako, kwa kawaida hauna riba ya kutisha kama ile ya mikopo ya simu, na kamati ya mikopo hupenda kuona BQ kuliko hadithi. Usikope kwenye simu kwa ajili ya madirisha. Mkopo wa siku 30 si wa kitu kitakachodumu miaka 20. Ikiwa ndiyo kwanza unachukua mkopo wa nyumba benki, tia gharama ya kukinga sauti ndani ya gharama ya ujenzi tangu mwanzo. Kurudi baadaye kuomba nyongeza ni kuanza safari upya, na tathmini nyingine, na ada nyingine.

Kuna pesa za serikali pia, ingawa hazikuja kwa jina la treni. Sheria ya kodi ya mapato inaruhusu riba ya mkopo uliotumika kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe itolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kiwango cha juu kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka, mabadiliko yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024. Sikiliza neno kuboresha. Madirisha mapya na dari ni maboresho. Tuseme umekopa na riba ya mwaka ni shilingi 52,000, na kipato chako cha juu kinatozwa asilimia 30: kodi yako itapungua kwa 15,600. Haikulipii nyumba, lakini inamlipa fundi siku kadhaa. Masharti mawili: mkopo utoke kwa taasisi iliyotajwa kwenye sheria hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kukopa kama sacco yako imo, na hati ya mkopo ionyeshe kwamba pesa zilikwenda kwenye nyumba. Mkopo ulioandikwa “binafsi” hautakusaidia hata kama kila shilingi iligeuka kioo. Kama umeajiriwa, peleka karatasi kwa ofisi inayokulipa mshahara ili nafuu iingie kila mwezi, na uidai pia kwenye ritani ya mwaka.

Majirani nao ni mtaji. Mtaa wa nyumba 40 zenye madirisha yanayofanana, yote yakitazama reli moja, ni oda ambayo fundi wa alumini ataipunguzia bei. Chama cha wakaazi kikiitisha mkutano wa maji na takataka, ongeza ajenda ya tatu.

Niende upande wa wale ambao nyumba yao ilitangulia. Kwanza, kama kipande cha ardhi yako kilitwaliwa kwa ajili ya reli, rudi kwenye faili la fidia. Kanuni za 2017 za kukadiria fidia zinaitaka Tume ya Taifa ya Ardhi izingatie pia hasara inayoipata mali yako iliyobaki, sio thamani ya kipande kilichochukuliwa tu. Wengi walilipwa ardhi wakasaini wakaondoka, bila kutaja nyumba iliyobaki mita chache kutoka kwenye ua wa reli. Muulize wakili kama mlango huo bado uko wazi kwako. Asikuambie ndiyo kabla hajaisoma hati uliyosaini.

Kama hakikuchukuliwa chochote, silaha yako ni mazingira. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kwanza kuthibitisha kwamba umepata hasara au madhara. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 nje ya nyumba mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ukisoma tarakimu hizo utaona ushindi. Ngoja kidogo. Ni wastani wa saa zote hizo, na treni inayopita kwa dakika mbili hugawanywa na usiku mzima. Treni moja inayokuamsha saa nane inaweza kupotelea humo kwenye wastani. Treni kumi haziwezi kujificha kwa urahisi. Ndiyo maana daftari lako la usiku lina thamani: tarehe, saa, iwe ya abiria au ya mizigo, honi au hapana. Programu ya simu inatosha kwa daftari. Kwa mahakama au kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, unahitaji kipimo cha mtaalamu mwenye kifaa kilichohakikiwa, na gharama hiyo igawaneni majirani.

Halafu omba ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi na masharti ya leseni yake. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Tafuta ukurasa wa kelele na mtetemo. Ripoti za aina hiyo hutaja hatua ambazo mradi unaahidi kuchukua, na ahadi iliyoandikwa na mradi wenyewe ina nguvu kuliko huruma yoyote utakayoomba. Barua yako ianze hapo: mliahidi hiki, mahali hiki, na hiki ndicho kilichopo. Pelekea shirika la reli, nakala NEMA, na kama miezi inapita bila jibu, Kamati ya Taifa ya Malalamiko ya Mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Omba kitu kimoja kinachotekelezeka. Kikinga sauti cha mita 200 mbele ya mtaa wenu, au honi zipunguzwe usiku, vina nafasi kuliko kudai pesa taslimu kwa kila nyumba.

Wamebaki wenye nyumba ambao reli bado inawajia. Mpango wa kuipeleka SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu, na kutoka Kisumu hadi Malaba, umetangazwa muda mrefu, na njia yake inapita kwenye mashamba na miji ambayo usiku wake leo ni wa vyura. Ukiwa huko na umejenga tayari, wewe ndiye mwenye nafasi ambayo mtu wa Syokimau hakuwahi kuipata. Hudhuria vikao vya maoni vya umma, na zungumza uandikwe jina. Taja nyumba, shule na zahanati kwa umbali wake kutoka kwenye vigingi vya reli. Leseni ya mazingira ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira, na siku hizo hupita haraka kama mwezi wa mishahara. Na sasa hivi, kabla trekta la kwanza halijafika, mpime usiku wenu kwa kifaa cha kweli, siku tatu mfululizo, dirisha likiwa wazi, na nakala moja muiache kwa wakili.